Turubai la Mama Sayi

Iyunga, Mbeya. Agosti 25

Daktari aliyenitangulia hakuniachia hata mstari mmoja wa kusoma, kwa hiyo nimeamua kuandika. Atakayekuja baada yangu asiseme Asmaa Abdulkarim alikuwa mvivu. Mimi ni mzaliwa wa Iringa mjini, daktari wa timu ya taifa ya wanawake tangu mwezi wa tano, na leo nimelala na koti na soksi na bado nimeamka natetemeka.

Mwezi wa kumi na moja tunakwenda mashindano ya Afrika, kwenye mji wa bandari kule magharibi ambako mtu akisimama tu kivulini, nguo inamganda mwilini. Tumekuja kujiandaa wapi? Mbeya, mwezi wa nane. Wachezaji wanapasha misuli wamevaa masweta na wakipumua unatoka moshi.

Kocha wetu anaitwa Sosthenes, lakini hakuna anayethubutu kumwita jina. Anaitwa Mwalimu. Mwalimu anasema mwinuko wa Mbeya hujenga mapafu. Sikatai, mapafu yatajengwa. Ila jasho halijifunzi kazi kwenye baridi, na nitamwambia hivyo mpaka achoke kunisikia.

Agosti 26

Baridi. Uji wa ulezi. Hakuna aliyeumia.

Agosti 29

Leo nimeuliza habari za Sayi.

Sayi Limbu ni kiungo wetu, binti wa Kisukuma kutoka Usangu, mpole mpaka unasahau yupo, halafu mpira unamfikia mguuni na uwanja mzima unatulia. Mwaka jana, kwenye mashindano ya joto kama haya tunayoyaendea, alianguka kipindi cha pili. Akalazwa wiki nzima, figo zikasumbua. Mimi sikuwepo. Aliyekuwepo ni nahodha, Severina, beki mrefu kutoka Makete, mama wa watoto wawili, sauti yake inasikika mpaka barabara kuu. Alinisimulia kwa fahari.

"Mi ndo nilimwahi, dokta. Alikuwa anaweweseka, anataka kuvua jezi mbele za watu. Nikakimbilia kwa mashabiki wetu wa kike, nikachukua khanga, tukamfunika vizuri. Tukamstiri mpaka gari likaja."

"Khanga ngapi?"

"Nyingi tu. Na blanketi la machela juu."

Mtu anaungua kwa ndani, wao wakamfunika blanketi. Lakini nitamlaumu nani? Huku kwetu nyanda za juu mtu akianguka, jambo la kwanza ni kumfunika. Bibi alifanya hivyo, mama alifanya hivyo, na aliyeanguka akiwa mwanamke ndiyo kabisa, khanga zinatoka kila upande kabla hata jina lake halijaulizwa.

Tatizo ni kwamba Mwalimu ana sheria yake: aliyeanguka kwa joto mara moja, yeye hampandishi ndege mara ya pili. Amemwita Sayi kambini kwa sababu hana kiungo mwingine wa maana. Akiyumba tu kabla ya safari, anabaki.

Naandika hapa nisije nikajidanganya. Nataka Sayi apande ndege hiyo, na nataka ashuke mzima. Yote mawili.

Septemba 2

Nimemkuta Mwalimu amekaa juani nyuma ya bweni, kajifunga skafu. Nikamwambia tukamalizie kambi Idodi kule kwetu Iringa, kwenye njia ya kwenda hifadhi ya wanyama, ambako mwezi wa kumi joto linauma. Mwili unahitaji wiki mbili hivi za kufanya kazi kwenye joto ili ujue kutoa jasho mapema na kutunza maji.

"Dokta, joto ni la kichwani tu."

"Kweli, Mwalimu. Likishapanda kichwani ndipo mtu anaanguka."

Akacheka bila kupenda. Amekubali Idodi. Ila akanionya, na Sayi anapita karibu na ndoo: "Sitaki mtu wa kunywa maji kila saa. Huyo si mchezaji, ni ng'ombe wa Usangu."

Sayi akasimama. Akajibu kwa adabu zote, macho chini. "Mwalimu, ng'ombe wa kwetu wanatembea juani kutwa nzima na hawaanguki. Ni kwa sababu wanakunywa."

Kumbe ana mdomo. Nimempenda zaidi.

Septemba 6

Siku niliyoshindwa. Nimewafundisha wachezaji kwamba mtu akianguka kwa joto, kipimo cha kwapani kinadanganya, kwa sababu ngozi imelowa jasho. Kipimo cha kweli kinaingia nyuma. Severina akanyoosha mkono.

"Dokta, mimi ni mke wa mtu."

"Mficha uchi hazai, Severina."

"Nshazaa wawili, dokta. Inatosha."

Chumba kizima kikaangua kicheko, na somo langu likafia hapo. Nilipouliza nani ananiruhusu kumpima hivyo siku akizidiwa, mkono ulionyooka ulikuwa mmoja. Wa Sayi. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Severina huyu ana kiburi cha baridi. Anadhani kuzaliwa Makete ni chanjo.

Septemba 8

Upepo. Vumbi jekundu mpaka kwenye chai. Nimeomba makao makuu beseni kubwa la kumlaza mtu kwenye maji ya barafu. Wamejibu kwamba wanalishughulikia.

Septemba 13

Mapumziko ya siku moja, nimemsindikiza Sayi kwao Ubaruku. Mpunga umeshavunwa, mashamba yamebaki mabua na ng'ombe. Mama yake alihamia Usangu akiwa mwali, wakaja na mifugo kutoka kaskazini, sasa analima mpunga kuliko wenyeji. Nilimwamkia, akaniitikia, akanishika mikono yote miwili asiniachie.

"Dokta, mwaka jana huyu aliniambia alilazwa kwa malaria. Niambie wewe."

Sayi alikuwa anaangalia kuku. Nikasema ukweli wote, khanga, blanketi na figo. Mama alisikiliza bila kunikata. Kisha akaniuliza kitu kimoja. "Sasa nimwachie tu aende tena?"

Niliogopa swali lile. Nimewahi kuulizwa maswali magumu na maprofesa, hakuna lililonibana hivyo. Nikamwambia, "Mwachie, mama. Nitakaa naye." Na wakati nasema nikawa naangalia turubai lake la kuanikia mpunga, limekunjwa pembeni ya ghala. Nikakumbuka mafunzo niliyosoma: kama huna beseni, chukua turubai. Mgonjwa katikati, watu wanashika mapindo pande zote na kuyainua, maji na barafu vinamwagwa ndani, wote wanayumbisha pamoja. Joto linashuka upesi. Makao makuu waendelee kushughulikia beseni lao.

"Mama, naomba turubai."

"La mpunga? Mnakwenda kuanika nini huko?"

"Kumpoza mtu, asije akaungua."

Hakuuliza zaidi. Alilikung'uta makapi, akalikunja, akalifunga kwa kamba ya katani. Fundo alilofunga ni lile la kufungia ndama, Sayi akaniambia, halifunguki lenyewe na kila mtu ana mkono wake wa kulifunga.

Septemba 20, Mafinga

Tuko njiani. Tumesimama kwenye mashine za mbao, harufu ya misonobari kila mahali. Asukile, mtunza vifaa wetu, amejaza magunia ya maranda bure. Mabonge ya barafu tutayanunua Iringa kwa wauza samaki, tutayafukia kwenye maranda ndani ya makasha, na hayatayeyuka upesi. Mwalimu ameuliza kama tumehamia kwenye useremala.

Septemba 21, Idodi

Tumeshuka, masweta yameingia mabegini. Mwalimu amevua skafu, halafu koti, halafu akakaa chini ya mti wa mgunga. Mimi nikampelekea chupa ya maji. Ameinywa yote.

Septemba 23

Joto. Maji. Manung'uniko.

Septemba 24

Joto. Manung'uniko yamezidi. Mazoezi mafupi, kisha kivulini. Severina kamaliza na chupa yake imejaa.

Septemba 27

Joto. Sayi anatokwa jasho mapema kuliko wote, jezi imelowa hata kabla ya kupasha kuisha. Nilifurahi nikampigia makofi, wenzake wakadhani nimechanganyikiwa. Jasho la mapema ndilo nililokuja kulitafuta huku. Mwili wake umejifunza.

Severina chupa imejaa tena. "Mi nimezoea, dokta."

Oktoba 1

Tumefanya mazoezi ya turubai. Sayi amejilaza katikati kama mgonjwa, wenzake wanane wameshika mapindo. Nimewaambia wainue mpaka kifuani na nyuso zao ziangalie nje. Hapo aliye ndani haonekani na mtu, hata akiwa amevuliwa jezi. Wakacheka sana maji yalipomwagwa.

Severina alisimama kando, mikono kifuani. "Mtu mzima, uchi, kwenye barafu, hadharani. Hapana, dokta."

"Hebu zunguka. Unamwona?"

Akazunguka turubai lote. Nimeona ameliangalia sana, na hakucheka na wenzake.

Oktoba 3

Severina hakumaliza ugali. Nimemuuliza, anasema hapendi samaki wa leo.

Oktoba 5, usiku, Iringa

Nitaandika yote.

Jana tulicheza na maveterani wa Idodi, saa tisa mchana, saa ile ile ya mechi zetu za huko. Kijiji kizima kilikuja. Macho yangu yote yalikuwa kwa Sayi. Kila akiinama kufunga kamba za viatu, nainuka kwenye benchi. Naye alikuwa safi kabisa, anakunywa, anapasi, anarudi nyuma, anapanda tena.

Kipindi cha pili Severina alitoa pasi kwa mchezaji wa maveterani. Sikujali. Akatoa nyingine. Kisha akaanza kumgombeza mwamuzi kwamba tumebadilishiwa goli, akageuka na kukimbia na mpira kuelekea kwa kipa wetu mwenyewe. Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nimeshaanza kukimbia alipoanguka.

Lakini khanga zilinitangulia. Wanawake wa Idodi walitoka pembeni ya uwanja kama walivyofanya mama zao na bibi zao, na baada ya muda mfupi Severina alikuwa chini ya khanga, vitenge na shuka zito la mchunga ng'ombe mmoja. Wachezaji wetu nao wakajisahau, wakawa wanamchomekea pembeni vizuri. Mazoezi yote ya turubai yalipotea vichwani mwao. Kumfunika aliyeanguka walijifunza kabla ya kujua kutembea.

Aliyefika kabla yangu ni Sayi. Alizitupa zile khanga moja moja. "Msimfunike! Anaungua huyu, msimfunike!"

Mama mmoja akampiga kofi mkononi. "We binti, huna adabu? Mwenzio anavua nguo."

Nikafika. Nilimgusa Severina shingoni, nikahisi kama nimegusa sufuria. "Mama zangu," nikasema, na mtandio wangu wenyewe ulikuwa umeteremka mabegani, "stara naijua, nimelelewa nayo. Hamtamstiri kwa khanga, mtamstiri kwa turubai hili. Shikeni pindo, inueni, geukeni nje."

Asukile alishalitandaza turubai. Wakashika. Sayi, wachezaji, akina mama wa Idodi, hata yule mwenye kofi. Pindo moja likabaki linaning'inia, na Mwalimu alikuwa amesimama pale, uso umempauka.

"Mwalimu, shika."

Akashika. Akageuza uso nje na kufumba macho pia, maskini.

Ndani ya ukuta ule nilimvua, nikampima kwa kile kipimo chake cha aibu. Arobaini na moja na nusu, na zaidi kidogo. Sikuwa na ruhusa yake. Maji yakaja, barafu ikaja na maranda yake yote, tukawa tunayumbisha, huku, kule, huku, kule, akina mama wakaanza kuhesabu kwa wimbo wao wa kupepeta. Dereva wetu alipiga honi, anataka tumkimbize Iringa hospitali. Nilimwambia azime gari. Barabara ile ingemmaliza. Kwanza apoe, safari baadaye. Nilisema kwa sauti ya mtu mwenye uhakika, na uhakika nilikuwa nao.

Joto lilishuka. Nilipima tena, likashuka tena. Tulipomtoa kwenye barafu, Severina akafumbua macho, akatema kitu.

"Nani kaniwekea maranda mdomoni?"

Sayi alicheka mpaka akakaa chini akalia. Mimi nilisubiri mpaka tulipofika hospitali, nikajifungia msalani, nikalia peke yangu. Alikuwa anaharisha tangu juzi na kunificha, ili asiachwe. Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema. Safari hii kifo kimemwona tu kikapita. Nami nilikuwa nikichunga aliyewahi kuanguka, nikamwacha anayekaribia kuanguka.

Oktoba 6

Figo nzuri. Anakula. Anadai samaki wa hospitali ni bora kuliko wangu.

Aliniita nikae kitandani. "Dokta. Mwaka jana nilimfunika Sayi."

"Ulimstiri, hukujua."

"Nilimchemsha." Akageukia ukutani. "Na nikawa najisifu."

Nilimwambia kuna timu nyingi za wasichana Makete na Njombe, hakuna hata moja inayojua jambo hili, na sauti ya kuwafikia anayo. "Na kile kidude chako?" akauliza.

"Nilikitumia. Nakuomba radhi."

"Mume wangu asijue."

Nimemwapia.

Mwalimu alikuwa kwenye benchi nje ya wodi, kofia mikononi. Nilikaa kando yake.

"Nikishika sheria yangu," akasema, "namwacha nahodha. Nikimpandisha nahodha, basi yule mtoto nimemwonea mwaka mzima." Akaizungusha kofia. "Ndiye aliyefika wa kwanza, dokta. Mimi nilisimama tu kama mlingoti."

"Ulishika pindo, Mwalimu."

"Uliniambia."

Akaniomba nimweleze tangu mwanzo, habari za jasho na maji, pole pole. Nimemweleza. Ameuliza maswali mazuri kuliko wanafunzi wangu wote. Nilimdharau mtu huyu mwezi mzima, na leo nimeona haya.

Oktoba 9

Majina yamebandikwa. Sayi Limbu yumo. Severina yumo, kwa sharti langu: hachezi mpaka niseme.

Oktoba 22, Iringa

Severina ameanza kutembea haraka, kisha kukimbia taratibu. Mambo mazuri. Mwalimu sasa ndiye anayepiga kelele "Maji!" kila baada ya muda, mpaka wachezaji wanamkimbia. Amejinunulia chupa yake ya bluu. Asukile anasema chupa hiyo inalindwa kuliko mipira.

Novemba 4

Mawingu hapa Kihesa, Iringa, kutwa nzima, mvua hakuna. Sayi amerudi kutoka Ubaruku na turubai, alilokuwa amelipeleka kwao likasafishwe. Mama yake amelisugua maranda yote, amelikunja, amelifunga upya kwa fundo lake la ndama. Hakutuma salamu ndefu. Alisema tu likirudi, fundo litamwambia kama lilifanya kazi.

Novemba 16, huku kwenye mashindano

Joto zito, hewa imelowa. Makasha ya barafu chini ya benchi, fulana zilizolowekwa kwa ajili ya mapumziko, maji kila mwamuzi akiruhusu. Upande wa pili wa uwanja mchezaji wa wenyeji alianguka, watu wake wakaanza kumvisha koti la mazoezi. Severina alivuka njia ya kukimbilia, akawaonyesha kwa mikono, hana lugha yao, mpaka wakavua koti na kuleta maji. Kisha akarudi kukaa juu ya turubai letu. Ndicho kiti chake siku zote akiwa benchi.

Sayi amecheza dakika zote.

Novemba 25

Robo fainali, mara yetu ya kwanza. Tumetolewa kwa penalti. Severina alicheza kipindi cha pili kwa ruhusa yangu na alikunywa maji kama ng'ombe wa Usangu, Mwalimu mwenyewe alisema. Inauma kufungwa, lakini nimewahesabu kwenye ndege, wote wamepanda kwa miguu yao.

Desemba 3, Ubaruku

Mvua imeanza. Udongo mweusi unashika viatu, mashamba yamejaa maji mpaka yanang'aa, na Sayi alishuka garini akatembea pekupeku kana kwamba hakuwahi kuondoka. Mama yake alitoka mlangoni na kumtazama kuanzia nywele mpaka miguu, pole pole. Nilimwamkia. Akaniitikia. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza mechi zote, mabao, robo fainali, penalti.

Hakuniuliza hata moja. Alichukua turubai begani kwa Asukile, akaliweka chini ukumbini, akaligeuza akitafuta fundo. Alipolipata alilishika kwa vidole viwili, akalivuta huku na huku.

"Ni la mkono wangu," akasema. "Hamkulifungua."

"Hatukulifungua, mama."

Akainamisha kichwa kwa muda, mkono wake bado uko juu ya fundo. Kisha akalibeba vilevile lilivyofungwa, akalipandisha darini.

"Basi likae," akasema. "Nitalifungua mwenyewe, siku ya mpunga."